Mheshimiwa Waziri, Ghala la Karafuu Msilivishe Joho

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

YAH: GHALA KUUKUU LA KARAFUU, WETE

Mheshimiwa, assalamu alaykum.

Barua hii sababu yake ni mbuzi. Wiki iliyopita niliteremka njia ya bandarini hapa Wete kutafuta samaki, jua la saa saba limekaa utosini, nikakuta mbuzi wasiopungua ishirini wamejipanga kwenye kivuli cha ghala kuukuu la karafuu. Wamelala, wanacheua, hawana habari na mtu. Nikajisogeza nao. Upepo wa pwani ulikuwa ukiingia kwa matundu ya hewa ya upande wa magharibi na kutokea upande wa pili, na ulipotoka ulitoka na harufu. Ghala lile halijapokea gunia miaka mingi, kufuli ya mlango imeota kutu hata ufunguo hauingii, lakini karafuu bado imo. Imo sakafuni, imo kwenye chokaa ya kuta, imo kwenye mbao za kenchi. Niliporudi nyumbani mjukuu wangu alininusa buibui akauliza, "Bibi, ulikwenda kumsinga bi harusi?"

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimefundisha skuli za Wete na vijiji vyake mpaka nywele zikageuka rangi, na sasa kazi yangu ni kulea wajukuu, kumtazama mama yangu aliye mtu mzima, na kuandika barua ndefu kuliko haja. Hii naiandika wazi kwa kuwa jambo lenyewe ni la watu wengi, na kila mmoja wao ana haki ya kuona nimemsemea nini.

Ombi ni kwamba ghala lile lifanywe nyumba ya utamaduni ya Pemba. Wengi wamelisema hilo vibarazani kabla yangu, sidai nimegundua kitu. Ila ninachokiogopa, Mheshimiwa, si kukataliwa. Naogopa kukubaliwa vibaya.

Hebu tulitazame ghala lenyewe kwanza. Karafuu ni zao lenye deko. Ikichumwa mbichi huchambuliwa makonyo, yaani vijiti vyake, huanikwa juu ya majamvi, na jua likiwa na huruma ndani ya siku 3 hadi 5 inakuwa imekauka, rangi imeiva, ukiivunja inalia. Ikipata mvua kabla ya hapo, au ikirundikwa na unyevu wake, inapata joto, inafifia, inageuka mpeta, yaani karafuu iliyoharibika. Na bei ya mpeta kila mchumaji wa kisiwa hiki anaijua, hata asiyejua kusoma. Kwa hiyo aliyejenga ghala la karafuu alijenga nyumba ya kupigana na unyevu katika kisiwa ambacho mvua zake hazina adabu. Ndiyo maana paa liko juu vile. Ndiyo maana kuta ni nene, za mawe na chokaa, zenye matundu chini ya paa na mengine karibu na sakafu, ili hewa ya moto itokee juu na ya baridi iingilie chini bila ya mtu kubonyeza chochote. Sakafu imeinuliwa kutoka ardhini. Milango ni mipana, mahamali wawili wenye magunia mabegani waweze kupishana bila ya kutukanana. Ndani hakuna vyumba. Ni uwazi mmoja mrefu, nguzo safu mbili, na mwanga unaoshuka kutoka juu.

Sasa mwite mtu yeyote aliyewahi kupiga ngoma, mwambie akutajie ukumbi anaoutaka. Atasema juu pawe juu, hewa ipite, sakafu iwe imara, mlango uwe mpana, watu wakae pande zote wamwone mchezaji. Atakuwa amekutajia ghala la karafuu na hajui.

Mama yangu, ambaye mwaka huu ametimiza miaka 84, alifanya kazi mle ndani kabla ya kunizaa na baada ya kunizaa. Hakuwa karani wala mpimaji. Alikuwa mmoja wa wale wanawake waliokaa chini kwa safu, nyungo mapajani, wakipepeta na kuchagua: makonyo yaliyosazwa huku, mpeta huku, mchanga na vijiti kule. Msimu ukishika waliingia asubuhi mbichi na kutoka jua likizama. Na waliimba. Anasimulia kwamba msimamizi wao mmoja aliwapiga marufuku kuimba siku mbili. Siku ya tatu akaja mwenyewe kuwaomba waanze tena, maana kazi ilikuwa imezorota na nyungo zinasinzia. Mmoja alitupa ubeti, wa pili akaudaka, wa tatu akaugeuza ukawa kijembe kwa hamali fulani anayejipitishapitisha, na mahamali nao wakajibu kutoka kwenye mizani. Mchana kutwa wakisutana kwa mashairi, na jioni wakapokea ujira.

Mama ana mahali pake mle ndani mpaka leo: nguzo ya tatu kutoka mlango wa bahari. Anasema ukikaa hapo ukaimba kwa sauti ya kawaida, aliye mwisho wa ghala anakusikia neno kwa neno. Ukihamia nguzo ya nne, sauti inakufa. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini iwe hivyo. Jibu lake ni moja, "Kamuulize aliyejenga."

Kwa hiyo mimi siwezi kusema ghala ligeuzwe kuwa nyumba ya utamaduni. Utamaduni ulikuwemo mle zamani, ukilipwa kwa kutwa.

Wala Zanzibar si mgeni wa mambo haya. Ngome Kongwe pale Forodhani, ambayo leo ukiitaja vijana wanaona jukwaa la tamasha la muziki la Sauti za Busara na la filamu la ZIFF, mwanzoni mwa karne ya 20 iliwahi kuwa karakana ya reli ya Bububu. Treni ile ilianza mwaka 1905 na ikafa 1928. Mafundi wakakusanya spana zao wakaenda zao, baadaye wanawake wakacheza tenisi mle mle, na katika miaka ya 1990 pakajengwa ngazi za kukalia watazamaji. Kuta zikabaki kuta za ngome. Dispensari Kongwe, iliyoanzwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ilifufuliwa na watu wa Aga Khan katika miaka hiyo hiyo ya 1990 ikawa kituo cha utamaduni. Nyumba ya zamani ya forodha, Mizingani, ikakipa makao Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2002, na pale palipokuwa pakitozwa ushuru watoto wakajifunza udi, kanuni na fidla.

Lakini utaona majengo hayo yote yako Unguja, na yote unaweza kuyazunguka kwa miguu kabla kahawa haijapoa. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na una mamlaka yake maalumu ya kuulinda. Ghala la Wete lina mbuzi.

Nikusimulie kisa. Miaka kadhaa nyuma niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye mashindano ya ngoma na ushairi katika ukumbi mmoja mpya, ambao jina lake tuliache. Ulikuwa umepambwa kwelikweli. Sakafu taili nyeupe, unajiona uso. Dari ya jipsamu yenye taa za kuzama. Madirisha ya alumini yenye vioo vya giza, hayafunguki. Vijana wetu walikuwa na msewe. Wewe unaijua ngoma hii, Mheshimiwa, lakini kwa msomaji asiye wa huku: wachezaji hujifunga njuga za majani miguuni, na utamu wote uko hapo, miguu ikishuka chini kwa pamoja ndipo njuga zinaposema. Kijana wa kwanza akateleza. Wa pili akateleza. Waliobaki wakaanza kukanyaga kwa hadhari kama watu wanaopita juu ya ukingo wa kisima, na njuga zikanyamaza kimya. Kikafuata kibati. Kibati ni maneno. Ngoma inakwenda mbio na watu wanatupiana maneno papo kwa papo, kwa kasi ambayo ukisinzia kidogo umeachwa. Kiyoyozi kikanguruma juu yao. Ile dari ya chini ikaipokea sauti ya ngoma na kuturudishia usoni kama kofi. Msimamizi akaja kwa adabu kutuomba tupige polepole, vioo vinatetemeka. Kabla hatujamjibu, umeme ukakatika, na nyumba isiyokuwa na dirisha la kufunguka ikawa tanuri. Tukatoka, tukamalizia chini ya mwembe, na chini ya mwembe ndipo wale watoto walipocheza.

Hilo ndilo ninaloliita joho. Bwana harusi wetu huliazima, akalivaa usiku mmoja, akapigwa picha, asubuhi likarudi kwa mwenyewe. Ni vazi zuri. Hakuna mtu anayelivaa kwenda kuchuma karafuu.

Mkilivisha ghala joho, litapendeza siku ya ufunguzi. Kisha bili ya umeme itafika. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na tunaushukuru, maana tunayakumbuka majenereta. Lakini nyumba inayohitaji viyoyozi kumi ili watu wasizirai ni nyumba itakayofungwa mwezi ambao bili itashinda. Ghala lilipoa miaka yote kwa matundu ya hewa. Yazibueni matundu, mtaokoa fedha ambazo nitawaambia sasa hivi pa kuzitia.

Zitiwe juu. Fedha ya kwanza iende kwenye paa, na ya pili iende kwenye mifereji inayoyachukua maji ya paa kuyapeleka mbali na ukuta. Ya tatu iende kwa mafundi wa chokaa, wale wazee wachache waliobaki, pamoja na vijana wa kujifunza kwao. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Ukiupaka simiti na rangi ya mafuta unyevu unakosa njia, chumvi inasukuma kutoka ndani, na baada ya masika machache lipu inaanguka kwa mabamba; mkandarasi ameshaondoka, na lawama wanapewa majini. Tumeona jumba la Beit al-Ajaib kule Unguja, lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lile ni jengo linalotazamwa na kila anayeshuka melini. Ghala letu nani analitazama?

Nakiri lina kasoro moja, nayo si ndogo. Mvua ya masika ikilipiga lile bati, hata mtu aliye ubavuni mwako humsikii. Udi hauna nguvu ya kushindana na bati la Wete mwezi wa Aprili. Hapo ndipo mtaalamu atakapoleta tena jipsamu yake, na hapo ndipo ninapoomba usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Wanawake wa pwani zetu tangu enzi za bibi zao wanafukia makumbi ufukweni, wanayafukua, wanayaponda na kuyasokota kamba. Usumba ule ule, ukishindiliwa ukawa mabamba na kuwekwa chini ya bati, pakaachwa nafasi ya hewa katikati, hunywa kelele. Nchi nyingine zenye minazi zinautumia kwenye kumbi. Moto utazamwe, usumba unashika haraka, na dawa za kuuzuia zipo. Lakini fikiria: fedha ya dari ikaangukia mikononi mwa kina mama wa pwani badala ya kupanda meli kwenda kununua mabamba ya kiwandani.

Najua wataalamu watakuja na picha. Watakuonyesha Cape Town, ambako ghala kubwa la nafaka lilifunguliwa mwaka 2017 kuwa makumbusho ya sanaa, Zeitz MOCAA. Lilikuwa mapipa 42 ya zege yaliyobanana, ikabidi wayakate kwa ndani ili wapate uwazi, na umbo la uwazi ule wakalichukua kutoka kwenye punje moja ya hindi. Ni kazi ya kushangaza. Sisi hatuhitaji kukata chochote, uwazi tunao. Watakuonyesha London, kituo cha umeme cha Bankside kilichozimwa mwaka 1981 na kufunguliwa mwaka 2000 kikiitwa Tate Modern. Ukumbi wa mitambo wakauacha mtupu kwa makusudi, kila mara msanii mmoja akapewa aujaze atakavyo. Hapo wamenikosha. Mtu mwenye fedha nyingi na akaweza kujizuia asiweke kitu, huyo ana akili.

Lakini kama kuna nauli ya safari ya mafunzo, isiwe ya kwenda mbali. Nairobi kuna GoDown, ilianza mwaka 2003 ndani ya ghala katika eneo la viwanda, na jina lake lenyewe ndilo lile lile godauni la mtaani. Dar es Salaam kuna Nafasi, Mikocheni, tangu mwaka 2008, ambako makontena ya meli yamefanywa vyumba vya kazi vya wasanii. Nilifika hapo nilipokwenda kumtembelea mwanangu. Nilimkuta mchoraji mlango wazi, rangi imemwagika sakafuni na hakuna anayekuja mbio na kitambaa. Nikasimama nikitazama ile rangi kuliko nilivyoitazama picha. Mahali pa utamaduni ni lazima mtu aruhusiwe kupachafua.

Tuje kwenye ufunguo. Sote tunayajua majengo yenye kibao cha jiwe la msingi, kibao cha ufunguzi rasmi, na kufuli. Swali langu ni nani atakayelifungua ghala siku ya pili, baada ya wageni kuondoka na mahema kukunjwa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, pamoja na walimu wake, wanafunzi wake na sifa zake zilizovuka bahari, mwaka 2019 kilitoka hadharani kusema fedha zinakwisha na huenda kikafunga milango. Kama hilo liliwafika wale waliokuwa katikati ya Mji Mkongwe, watalii wanapita kizingitini, sisi wa Wete tutajidanganya vipi? Kwa hiyo naomba jambo ambalo halipigiwi picha: kabla ya ramani, pawe na fungu la kila mwaka, hata likiwa dogo, la msimamizi mmoja, mlinzi mmoja, na fundi wa kupanda paani kila kabla ya masika na kila kabla ya vuli. Msimamizi awe mtu wa ngoma au wa mashairi, anayejua kwamba kikundi kikichelewa saa nzima hakijakosa adabu, kinasubiri ngozi ya ngoma ipate moto.

Na iandikwe mapema ni siku zipi za kukodi na zipi za vikundi. Harusi zifanywe mle, sikatai, harusi ni utamaduni kuliko sisi sote tunaoandika barua. Semina nazo zije na maji yao ya chupa. Lakini siku nne za wiki ziwe za vikundi vyetu bila malipo, tatu zikodishwe ili taa ziwake. Tusije tukafika mahali watu wa kibati wamesimama nje na ngoma zao, mlango umefungwa kwa sababu ndani kuna warsha ya kukuza utamaduni.

Kuna na jambo ambalo kuta zile hazitalisema zisiposaidiwa. Mgeni akija visiwani anaambiwa hiki ni kisiwa cha viungo, ananusishwa jani, anavishwa kofia ya makuti, anapigwa picha, anaondoka anatabasamu. Haambiwi kwamba mikarafuu ya kwanza ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na kwamba kisheria utumwa haukuondoshwa visiwani hadi mwaka 1897. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo mzigo wa karafuu ukawa juu ya mgongo wa kisiwa hiki. Mgongo huo ulikuwa na watu. Mwaka 1937 serikali ya Kiingereza ilipokipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya biashara, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua, India nako wakaisusa karafuu yetu, hadi walipopatana mwaka 1938. Hayo ni mambo ya dunia nzima yaliyopita kwenye mizani ya maghala kama lile. Pawekwe pembe moja ya kuyasimulia, bila ya sukari. Mizani ikipatikana irudi, na pishi, na ungo, na zile herufi za bati walizopigia chapa magunia.

Halafu yaandikwe majina. Mama ananitajia usiku tukikosa usingizi: mahamali, wapimaji, wanawake wa ungo, na yule aliyekuwa akiwaletea uji. Daftari moja limejaa na la pili nimeanza. Wengi wao hawana hata kaburi lenye kibao.

Jina la nyumba? Najua itatafutwa heshima, na Pemba haikosi wa kuheshimiwa. Kisiwa kilichozaa washairi kama Kamange na Sarahani hakiwezi kushindwa na jina la ukumbi. Chumba cha vitabu kiitwe kwa wao. Ila nyumba yenyewe iacheni iitwe Ghala. Watu wa Wete watasema "nnakwenda Ghalani" mkitaka msitake, basi afadhali kibao kikubaliane na midomo.

Madogo mawili kabla sijasahau. Msikiti uko karibu, na heshima yake itangulie: ngoma zinyamaze kabla ya adhana, na mwezi wa Ramadhani ghala liwe la kasida na visomo. La pili ni vyoo. Usicheke, Mheshimiwa. Wanawake wapewe vyoo vya kutosha, safi, penye taa na penye maji, na mlango wao wa kuingilia wanaoutaka. Nimeona kumbi ambazo wanawake hawaji, wakubwa wakakaa kikao kujadili mwamko mdogo wa akina mama, na sababu ilikuwa choo.

Naomba sasa uje. Kabla mtu hajachora mstari mmoja kwenye karatasi, njoo, na usije na msafara, ile njia ya bandarini ni nyembamba na wauza samaki watakasirika. Njoo alasiri baada ya sala, siku isiyo na mvua. La, njoo siku ya mvua, ulisikie na bati. Kufuli tutatafuta wa kuikata. Mama miguu yake haiwezi tena ule mteremko, vijana watambeba kwa kiti, wameshakubali. Tutamweka pale nguzo ya tatu. Wewe nenda ukasimame mwisho kabisa, mlango wa upande wa mjini, umpe mgongo kama hutaki aone haya. Kipaza sauti hatuna na hatakitaka.

Mbuzi tutawatoa asubuhi.

Wako katika kazi za utamaduni,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.